Ruzuku ya Miradi ya Haki Haimlipii Mtu Wakili

Hapa Dodoma wapo wanaoamini kwamba mwenye kesi inayovuka mipaka, kwa mfano mjane anayedai mirathi ya mume aliyefariki Ujerumani, anaweza kuomba fedha Umoja wa Ulaya ili alipiwe wakili. Imani hiyo si sahihi, na inaumiza, kwa sababu watu hupoteza muda wakijaza fomu zisizowahusu huku muda wa kudai haki yao ukiyoyoma.

Mpango wa Haki wa Umoja huo wa mwaka 2021 hadi 2027, wenye bajeti ya takribani yuro milioni 305, hutoa ruzuku kwa taasisi, si kwa wadaawa, yaani watu wenye kesi. Fedha hizo hugharimia kazi kama vile mafunzo ya majaji na mifumo ya kielektroniki inayounganisha mahakama.

Msaada wa kisheria kwa mtu binafsi una utaratibu wake. Direktiva, yaani agizo la kisheria kwa nchi wanachama, ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 inagusa ushauri wa kisheria, wakili, mkalimani na hata tafsiri ya nyaraka katika kesi za madai, lakini huwahusu walio na makazi ndani ya nchi wanachama, kwa hiyo mjane anayeishi Chamwino, hapa Dodoma, hanufaiki nayo.

Kwake yeye, mahali pa kuanzia ni watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwemo wasaidizi wa kisheria. Aende na cheti cha ndoa na cha kifo.