Vipeperushi vya juri: usimame wapi, useme na nani

Haya ni kwa anayetaka kugawa vipeperushi nje ya mahakama za Marekani, kuwaeleza wanajuri nguvu waliyo nayo. Aliyezoea mahakama za kwetu akisikia "juri" huwafikiria wazee wa baraza. Waweke kando kwanza. Wazee wa baraza katika Mahakama Kuu humpa jaji maoni tu, naye hafungwi nayo. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri la Marekani ni jambo jingine. Raia wa kawaida, mara nyingi 12, hujifungia chumbani, na wakitoka wakasema kwa kauli moja "hana hatia", kesi imekwisha. Mwendesha mashtaka hana rufaa, na hakuna wa kuwaadhibu kwa walivyoamua.

Nguvu hiyo ndiyo inayozaa kile ninachokiita ubatilishaji: ushahidi umetimia, lakini wanajuri wanaiona sheria yenyewe kuwa ya dhuluma, wanamwachia mshtakiwa. Sheria inabaki vitabuni. Aliyeponea ni yule mmoja tu. Baada ya sheria ya 1850 iliyolazimisha watumwa waliotoroka warudishwe, kuna majuri ya kaskazini yaliyokataa kuwatia hatiani walioshtakiwa kwa kuwaokoa. Lakini mwaka 1955, huko Mississippi, juri la wanaume weupe watupu lilichukua muda wa saa moja hivi kuwaachia wauaji weupe wa kijana mweusi, Emmett Till, na mwaka uliofuata wauaji wenyewe wakakiri jaridani. Mwanaharakati anayekusimulia nusu ya kwanza na kuinyamazia ya pili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa, kwa nini haya yote yaishie barabarani? Kwa sababu ya kesi ya Sparf ya mwaka 1895. Mahakama ya Juu ilisema jaji wa shirikisho halazimiki kuwaeleza wanajuri kwamba wanaweza kuipuuza sheria. Wakili wa utetezi akijaribu kuwaeleza, kwa kawaida hukatizwa. Ndani hakuna wa kuwaambia, basi anayetaka wajue huwangoja nje na vipeperushi mkononi. Chama kinachojulikana zaidi kwa kazi hii, FIJA (Fully Informed Jury Association), kilianzishwa Montana mwaka 1989.

Swali la kwanza ni la sentimita: miguu yako iko juu ya nini? Katika kesi ya Grace, 1983, mama mmoja alisimama na bango lenye maneno ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema, kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya Mahakama ya Juu, Washington. Polisi walimwambia avuke barabara la sivyo watamkamata. Mahakama ikaamua kwamba njia ile ni sawa na njia nyingine yoyote ya umma mjini, na katazo la mabango halifanyi kazi pale. Lakini panda ngazi chache uingie kwenye uwanja wa marumaru wa jengo lile lile, mambo yanageuka: mwaka 2015, katika kesi ya Hodge, mahakama ya rufaa ilisema uwanja ule ni sehemu ya mahakama na bango linaweza kuzuiwa. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe nenda ukatazame sakafu inabadilika wapi, na mwombe karani nakala ya amri yoyote ya jaji mkuu wa mahakama hiyo kuhusu vipeperushi. Amri za namna hiyo zipo kwingi, na kuivunja, hata kama unaiona mbovu, hukuletea shtaka la kudharau mahakama. Usizibe mlango. Kipaza sauti kiache nyumbani.

Swali la pili ndilo linalofunga watu: unasema na nani, kuhusu kesi gani?

Julian Heicklen, profesa mstaafu wa kemia, alishtakiwa kwa kugawa vipeperushi nje ya mahakama ya shirikisho ya Manhattan. Mwaka 2012 Jaji Kimba Wood alilifuta shtaka: sheria inamlenga anayemwandikia mwanajuri ili kumshawishi kuhusu kesi iliyo mbele yake, wala si anayemweleza kila apitaye wajibu wa juri kwa jumla. Denver, mwaka 2015, wanaharakati wawili waliwauliza waingiao kama wameitwa kwenye juri, kisha wakawapa vijitabu. Wakashtakiwa kwa makosa saba kila mmoja. Mashtaka yalifutwa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Colorado ikathibitisha kufutwa huko kwa hoja iyo hiyo: hapakuwa na kesi mahususi. Mimi naona swali lile, "umeitwa kwenye juri?", ni uzembe. Mpe kila anayepita, akiwemo muuza kahawa.

Michigan ilikaribia kwenda kombo. Mwaka 2015 Keith Wood aligawa vipeperushi mjini Big Rapids siku iliyopangwa kusikilizwa kesi aliyokuwa akiifuatilia. Dhamana: dola 150,000. Mwaka 2017 alitiwa hatiani, akapewa wikendi nane jela na saa 120 za kazi za jamii. Mahakama ya Juu ya jimbo ilitengua hukumu mwaka 2020, ikisema aliyeitwa tu, hajapangiwa kesi, hajawa mwanajuri. Alishinda, naam, baada ya miaka karibu mitano. Kinyume chake ni Frank Turney wa Alaska: yeye alizungumza na wanajuri wa kesi iliyokuwa ikiendelea, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha hatia yake kama ilivyo. Basi ukiwa na ndugu, rafiki au hasira katika kesi iliyopangwa siku hiyo, chagua siku nyingine au mji mwingine.

Uingereza nako: mwaka 2023 Trudi Warner alisimama nje ya mahakama jijini London na bango linalowakumbusha wanajuri haki ya kuachia kwa dhamiri. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilikataa ashtakiwe. Maneno yake yalifanana sana na ya bamba lililomo ndani ya Old Bailey, mahakama kongwe ya jinai ya London, la kuwaenzi wanajuri wa mwaka 1670 waliokataa kutia hatiani.

Na wewe uliyepata uraia wa Marekani ukaletewa samansi ya juri: kupokea kipeperushi si kosa. Ukiulizwa na jaji kama umekisoma, sema ukweli, kwani kudanganya wakati wa uchaguzi wa wanajuri ni kosa linalojitegemea. Usiingie nacho chumba cha mashauriano. Na ukitangaza humo kwamba sheria huitambui, jaji anaweza kukuondoa kabla hamjapiga kura.