"Tutarekebisha kwenye miksi"

Hapa Goma, msanii akikosea studio huambiwa: "Usijali, tutarekebisha kwenye miksi." Wanaojifunza uprodyuza hulishika neno hilo kama sala. Si kweli.

Miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti baada ya kurekodi, hupanga kilichorekodiwa, haileti kisichokuwemo. Sauti ikivuka desibeli 0 ya kidijitali, yaani kikomo cha juu cha rekodi, vilele vyake (sehemu zenye sauti kubwa zaidi) hukatwa na mkwaruzo hubaki. Ukirekodi kwa biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi), acha vilele vicheze karibu na desibeli -10. Mita ya kiwango cha sauti haina haja ya kuwa nyekundu. Mwangwi wa chumba ni mkaidi zaidi: ukiubana sana kwa programu, sauti yenyewe inachakaa. Blanketi nzito nyuma ya mwimbaji husaidia kuliko programu ya bei kali. Mvua ikipiga mabati, au jenereta ya jirani ikinguruma, ngoja. (Chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, angalau haina injini.)

Ndiyo, noti iliyoteleza kidogo hurekebishika. Uimbaji wa kivivu, hapana. Mwambie mwimbaji arudie angali mbele ya maikrofoni.

Jambo jingine ambalo miksi hailiokoi ni faili iliyopotea. Hifadhi kabla umeme haujakatika, weka nakala kwenye diski nyingine, na kila traki (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) uipe jina. "Audio 17", jina ambalo programu hujitungia, baada ya mwezi ni fumbo hata kwako.