"Iya" ya Waindonesia sio ndiyo tu

Watu wengi wakianza kujifunza Kiindonesia wanakariri iya ni ndiyo, tidak ni hapana, wanaona wamemaliza. Mambo hayaendi hivo, kwenye stori za kawaida kile kineno kinachofuata nyuma ndo chenye jibu lenyewe. Mtu akikujibu "iya dong" anamaanisha ndiyo bwana, kwani ulitegemea nini, ila akisema "iya deh" hapo kakubali shingo upande, kama sisi tunavosema haya basi yaishe, na ukimwambia rafiki yako wa Jakarta hii simu kali sana akajibu "iya sih…" usishangilie, subiri kidogo utasikia "tapi", yaani lakini, afu ndo anakwambia bei imemshinda.

Na hiyo tidak mtaani hata huisikii sana, wanasema nggak. Halafu ukiulizwa kama umeoa na hujaoa, usijibu nggak, jibu "belum", ambayo ni bado yetu ileile kabisa (hapa Waswahili tunawapiga bao Wazungu, wao wanahangaika nayo). Ukisema nggak inasikika kama umekata, huna hata mpango.