Cheti cha Nasaba Si Cheti cha Afya
Wengi huamini kwamba mbwa mwenye cheti cha nasaba ni mzima kuliko chotara, ilhali cheti hicho hueleza wazazi wake tu, wala hakisemi lolote kuhusu moyo, nyonga au figo zake. Mfano ulio wazi ni Dalmatian, yule mweupe mwenye madoa. Karibu wote wa nasaba halisi hurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, hivyo asidi ya yuriki hujaa kwenye mkojo na kuweza kuganda kuwa vijiwe; dume akizibwa, huinua mguu akajikamua bila kutoa hata tone. Kwa kuwa jeni isiyo na kasoro ilikuwa imetoweka ndani ya aina hiyo, kuchagua wazazi bora kusingesaidia. Mwaka 1973, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, alichanganya Dalmatian na Pointer mmoja, mbwa wa kuwindia mwenye jeni isiyo na kasoro, kisha uzao ukapandishwa tena na Dalmatian kizazi baada ya kizazi. American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba Marekani, kilikubali kuwasajili wazao hao mwaka 2011, baada ya upinzani mrefu wa wafugaji waliohofia damu kuchafuka, hofu ambayo, kwa maoni yangu, ilikijali zaidi kitabu cha usajili kuliko mnyama mwenyewe.