Harrier na Lexus RX: gari moja, maduka mawili

Ukisimama pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, au Ngong Road kule Nairobi, hutamaliza dakika mbili bila kuona Toyota Harrier. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1997. Mwaka uliofuata likaingia Marekani, bodi ileile, injini ileile ya V6 ya lita 3, ila kule likaitwa Lexus RX 300, Lexus ikiwa nembo ya kifahari ya Toyota, na likauzwa kwenye duka ambalo halina Toyota hata moja. Altezza nayo ni Lexus IS. Windom ni Lexus ES, Aristo ni Lexus GS, Celsior ni Lexus LS. Mafundi wetu wa gereji wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana huagiza spea za moja wakafunga kwenye nyingine.

Magari hayo yalitufikia kwa majina ya Toyota kwa sababu tunayanunua yakiwa yametumika Japani, na Japani haikuwa na duka la Lexus hadi Agosti 2005. Marekani lilikuwepo tangu 1989. Kampuni tajiri kama Toyota, yenye ardhi, benki na mawakala nchi nzima, ilichukua miaka 16 kufungua nyumbani kwake duka ambalo tayari lilikuwa likifanya vizuri ugenini. Wanafunzi wangu wa masoko na usambazaji huniuliza kwa nini, na wafanyabiashara wanaotaka kuwa mawakala wa magari huniuliza swali hilohilo kwa maneno mengine: nikitakiwa kujenga duka la peke yake kwa ajili ya nembo ya kifahari, nikubali?

Kwanza tuelewane wakala ni nani. Watu wengi hudhani duka lenye bango la kampuni ni mali ya kampuni. Mara nyingi si hivyo. Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea: kiwanja ni chake au amepanga, jengo amelijenga kwa mkopo, na magari yaliyopangwa ukumbini ameyanunua kutoka kwa mtengenezaji, tena kwa fedha za benki zinazodai riba kila siku gari linapokaa bila mteja. Mtengenezaji anapotaka duka la kifahari litengwe, hutoa michoro ya jengo, huelekeza aina ya vigae, taa na viti, hutaka wauzaji wa peke yao na mafundi waliofunzwa kwa vifaa maalumu. Gharama karibu yote humwangukia wakala. Na jengo lililojengwa kwa michoro ya nembo moja haligeuki kirahisi kuwa duka la kitu kingine.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni Genesis, nembo ya kifahari ya Hyundai ya Korea Kusini, kwa sababu kila kitu kinachoweza kukwama katika kazi hii kilikwama pale, na hatimaye wakatoka.

Hyundai ilitangaza Genesis kuwa nembo inayojitegemea Novemba 2015. Kabla ya hapo, Genesis lilikuwa jina la gari mojawapo la Hyundai. Marekani, kampuni ilikuwa na mawakala zaidi ya 800, na takriban 350 kati yao wakawa wanauza Genesis ndani ya maduka yaleyale ya Hyundai. Fikiria mteja anayekuja kununua G90, gari kubwa la Genesis, la karibu dola 70,000. Anakaa kwenye kiti kilekile, mbele ya muuzaji yuleyule, akimsubiri kijana aliyetangulia amalize kupatana bei ya Elantra, gari dogo la Hyundai lisilofika dola 20,000. Hakuna ubaya wowote kwa kijana wa Elantra. Lakini mwenye G90 hakulipia injini tu, amelipia na namna ya kupokelewa, na hapo alipo hapokelewi tofauti na mtu mwingine yeyote.

Sasa chukua kalamu. Mwaka 2017 Genesis iliuza Marekani takriban magari 20,600. Gawanya kwa mawakala 350: kila mmoja anapata magari kama 59 kwa mwaka, hata matano kwa mwezi hayafiki. Kwa magari matano kwa mwezi hakuna mwenye akili timamu atakayejenga jengo jipya, aajiri meneja, wauzaji na mafundi wa peke yao. Wangekuwa mawakala 100 tu, kila mmoja angepata zaidi ya 200 kwa mwaka, kama 17 kwa mwezi, na hapo mazungumzo ya kujenga yangekuwa na maana.

Hyundai ilipiga hesabu hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2018 ikawaambia mawakala kwamba Genesis itabaki na takriban 100 tu, katika miji mikubwa. Ndipo moto ukawaka. Wale waliokuwa wakiuza na sasa wanaachwa walikuwa wameshatumia fedha: wamefunza watu, wametenga nafasi ukumbini, wamenunua vifaa. Na sheria za Marekani ziko upande wao kwa kiasi kikubwa. Tangu 1956 kuna sheria ya shirikisho inayomruhusu wakala kumshtaki mtengenezaji asiyemtendea kwa nia njema, na juu ya hiyo kila jimbo lina sheria yake inayodhibiti kumnyang'anya wakala nembo. Kwa hiyo kuwapunguza mawakala halikuwa jambo la waraka mmoja kutoka makao makuu. Lilikuwa jambo la kwenda jimbo kwa jimbo.

Likaja na la leseni. Maadamu Genesis sasa ni nembo ya kujitegemea, mtengenezaji na wakala wanahitaji leseni mpya ya nembo hiyo, hata kama wakala ni yuleyule, kwenye kiwanja kilekile, akiwa na leseni halali ya Hyundai ukutani. Majimbo mengine yalitoa upesi, mengine yakachelewa huku mabishano yakiendelea. Pale ambapo leseni haikutoka, magari ya modeli ya 2019 hayakuweza kupelekwa dukani. Mteja anakuja na fedha, wakala yupo, gari limeshatengenezwa, lakini haliuziki.

Matokeo yake yanasikitisha. Mwaka 2018 Genesis iliongoza nembo zote za magari katika utafiti wa Marekani wa kampuni ya J.D. Power unaopima ubora wa magari mapya, ikawapita Wajerumani na Wajapani. Mwaka huohuo mauzo yake nchini humo yaliporomoka hadi takriban 10,300, nusu ya mwaka uliotangulia. Gari lilikuwa bora kuliko wakati wowote, ila njia ya kulifikisha kwa mteja ilikuwa imeziba. Nawasihi wanaosomea biashara waiweke kichwani miaka hii miwili kila wanaposikia kwamba bidhaa nzuri hujiuza yenyewe.

Kabla mwaka 2018 haujafika katikati, Hyundai ilirudi nyuma. Wazo la mawakala 100 likaachwa, na kila wakala wa Hyundai akapewa nafasi ya kuomba. Amani ikapatikana kwa gharama ya ile hesabu yetu: mawakala wengi, magari machache kwa kila mmoja, na majengo ya peke yake yakasogezwa mbele. Kampuni ikaendelea kuegemea huduma ambayo haihitaji jengo. Gari la mteja likihitaji kufanyiwa sevisi, mtu wa wakala hulifuata nyumbani au kazini, humwachia mteja gari jingine la kutumia, kisha hulirudisha. Mteja hakanyagi kabisa kwenye ule ukumbi wenye foleni. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote waliyofanya katika kipindi kile, kwa sababu walianza na kile mteja anachokigusa.

Kilichobadilisha hali hasa ni magari. Wakati wa vurugu za 2018 Genesis ilikuwa na magari ya chini tu, G70, G80 na G90, huku Wamarekani wakihamia kwenye magari ya juu, yale ya aina ya SUV. GV80 ilifika mwishoni mwa 2020, na GV70 mwaka uliofuata. Mauzo yakapanda kutoka takriban 16,400 mwaka 2020 hadi zaidi ya 49,000 mwaka 2021. Ni baada ya hapo, mwaka 2022, ndipo duka la kwanza Marekani lililojengwa kwa ajili ya Genesis peke yake lilipofunguliwa, katika mji wa Lafayette, jimbo la Louisiana. Mawakala wengine wakafuata, kwa kuwa sasa mwenye kujenga aliona magari ya kumlipia mkopo.

Honda na Toyota walikuwa wamelijua hilo mapema zaidi. Honda ilipoanzisha Acura, nembo yake ya kifahari, mwaka 1986, ikiwa na mawakala 60, iliwapa magari mawili: Legend la kuleta heshima na Integra la bei nafuu la kuleta wingi. Toyota nayo, ilipozindua Lexus mwaka 1989, haikumwachia wakala LS 400 peke yake. Iliweka pembeni yake ES 250, gari lililojengwa juu ya Camry, ili duka lisikae na gari moja la dola 35,000 likisubiri matajiri. Na kwa kuwa nembo ilikuwa mpya kabisa, hapakuwa na wa kunyang'anywa kitu. Toyota ilikuwa na mawakala zaidi ya 1,000 Marekani, lakini Lexus ilianza na takriban 80 waliochujwa, kila mmoja akijua tangu siku ya kwanza anachotakiwa kujenga.

Miezi michache tu baada ya uzinduzi, Desemba 1989, LS 400 zilikutwa na hitilafu, ikiwemo taa ya breki ya kioo cha nyuma iliyokuwa ikipata joto kupita kiasi. Magari 8,000 yakatakiwa kurekebishwa. Mafundi waliyafuata majumbani, wakayatengeneza na kuyarudisha yakiwa yameoshwa, na kwa wateja waliokuwa mbali na duka, walipanga gereji hukohuko. Kazi yote haikufika siku 20. Mawakala wachache, wenye mafundi wa peke yao, ndio waliowezesha jambo kama hilo.

Wapo walioshindwa. Mazda ilitangaza nembo yake ya kifahari, Amati, kisha ikaifuta Oktoba 1992 kabla haijauza hata gari moja, uchumi wa Japani ukiwa umeyumba. Infiniti ya Nissan iliingia Ulaya Magharibi mwaka 2008 ikafungua maduka ya peke yake, ikaondoka mwaka 2020. Volkswagen ilijaribu njia ya pili, ikaiuza Phaeton, gari lililoshirikiana mifupa na Bentley Continental, katika maduka yaleyale ya Golf na Passat. Huko Marekani, Volkswagen iliiondoa sokoni mwaka 2006.

Na Japani yenyewe? Lexus ilipofunguliwa huko, shida haikuwa fedha. Mjapani aliyekuwa akinunua Celsior alikuwa na muuzaji wake wa miaka mingi, mtu aliyemjua yeye na familia yake, aliyemfuata hadi nyumbani. Kumwambia aanze upya kwenye jengo jingine, na watu asiowajua, lilikuwa jambo zito, na mauzo ya mwanzo yalikuwa chini ya matarajio.

Ndugu msomaji, kama umeitwa mezani kuwa wakala wa nembo kama hizi huku kwetu, usianze na michoro ya jengo. Uliza utaletewa magari mangapi kwa mwezi, ya modeli zipi, na usikubali jibu la mdomo. Huku kwetu wengi wenye uwezo bado hununua gari lililotumika, kwa hiyo idadi ya magari mapya ya kifahari kwa kila nembo ni ndogo, na ndiyo maana ni kawaida kampuni moja kubeba nembo kadhaa chini ya paa moja. Uliza kama unaweza kuanza na kona iliyotengwa na gereji yenye fundi aliyefunzwa, jengo likafuata mauzo yakifika kiwango mlichoandikiana. Uliza mtengenezaji akianza kuuza mwenyewe kwa mtandao, wewe unabaki na nini.

Wakala wa Marekani ana sheria ya jimbo nyuma yake. Kama nchi yako haina sheria maalumu ya mawakala wa magari, kinga yako kubwa ni mkataba wenyewe, kwa hiyo kipengele cha kuvunja mkataba kisome na wakili kabla ya vingine vyote. Omba iandikwe kwamba nembo ikiondoka nchini, mtengenezaji atanunua tena magari yasiyouzwa, spea ambazo hazijafunguliwa na vifaa maalumu vya gereji, kwa bei gani, na ndani ya siku ngapi.