Toba ni nini, na kwa nini haianzi bila unyenyekevu

Ukisali na Wakristo wa Dar es Salaam, iwe kwenye jumuiya ndogondogo kule Mbagala au kwenye maombi ya mchana ya wafanyakazi wa maofisi ya Posta, utasikia karibu kila mara sentensi hii: "Utusamehe pale tulipokukosea kwa kuwaza, kwa kunena na kwa kutenda." Husemwa kwa pumzi moja, kisha anayesali anaingia kwenye mahitaji: ada, kazi, mgonjwa, safari. Sentensi yenyewe haina ubaya, na imebeba mengi. Shida ni kwamba tukishaisema tunaona toba imekwisha, wakati ndiyo kwanza imetajwa.

Kwa Mkristo, kutubu ni kumrudia Mungu baada ya kukubali kwamba ulimwacha. Ndani yake kuna kulitambua kosa, kulisikitikia, kulikiri, kuliacha na, inapowezekana, kutengeneza ulichoharibu. Unyenyekevu ni kukubali kuonekana mbele za Mungu jinsi ulivyo, bila kujiongeza wala kujipunguza. Watu husahau hilo la kujipunguza, nami nitalirudia.

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Luka 18, wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Mara nyingi Farisayo huhubiriwa kama mnafiki, lakini hadithi haisemi kwamba alidanganya. Alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka, na inaelekea ni kweli. Tatizo la sala yake ni kwamba imejaa watu wengine: "wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, wala kama huyu mtoza ushuru." Yule wa pili alisimama mbali, akajipiga kifua, akasema maneno saba tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Katika sala yake hakuna mtu wa kulinganishwa naye. Huyo ndiye Yesu alisema alirudi nyumbani amehesabiwa haki.

Hapa mjini tuna namna yetu ya kujaza sala watu wengine. Kwenye baadhi ya mikesha, saa nzima inaweza kwenda kwa adui: mchawi, bosi, wifi, ndugu wa upande wa baba. Sikatai kwamba Biblia inaongea habari za maadui, maana Zaburi zimejaa kilio cha waliodhulumiwa. Lakini mtu anaweza kukemea tangu saa nne usiku hadi alfajiri bila kujitaja hata mara moja kama mkosaji, akarudi nyumbani na sauti imekauka na nafsi haijaguswa.

Tazama Daudi. Alimchukua Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, kisha akapanga Uria awekwe mahali vita vilipokuwa vikali ili afe. Nabii Nathani alimwendea na kisa cha tajiri aliyempora maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akataka tajiri huyo afe, ndipo Nathani akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Unyenyekevu wa Daudi uko katika hatua iliyofuata. Alikuwa mfalme, angeweza kumnyamazisha nabii, lakini alijibu, "Nimemfanyia Bwana dhambi." Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na tukio hilo, inasema: "Maana nimejua mimi makosa yangu, na dhambi yangu i mbele yangu daima." Huikuti ndani yake ile kauli yetu ya "shetani alinipitia". Katika sala yenyewe Daudi hamtaji Bathsheba wala halalamikii uchovu wa utawala.

Ndiyo maana toba inataka kosa litajwe kwa jina. Mgonjwa akifika zahanati akasema "naumwa tu", daktari atamwuliza wapi, tangu lini. "Nisamehe yote" ni sala halali, ila aliyeshikilia kodi ya mpangaji wa Sinza aliyekwisha kuhama, au aliyempunja mama lishe wa Kariakoo, bado hajaligusa jambo lenyewe. Kusema "nimemla Fulani pesa yake" ni kugumu kuliko kulia.

Na machozi je? Huja au hayaji. Tabia za watu hutofautiana. Petro alilia kwa uchungu baada ya kumkana Yesu. Yuda, aliyemsaliti Yesu kwa fedha, naye alijuta, akairudisha ile fedha, vipande thelathini, hata akakiri waziwazi, "Nalikosa." Ukipima kwa majuto pekee, Yuda alifanya mengi. Lakini alikwenda peke yake na kujinyonga, na Petro alibaki pamoja na wenzake mpaka Bwana akamkuta. Paulo anatenganisha hali hizo mbili katika 2 Wakorintho 7:10: huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu huleta toba, na huzuni ya dunia hufanya mauti.

Hapa ndipo narudi kwenye kujipunguza. Yupo Mkristo asemaye, "Mimi nimechafuka mno, sistahili hata kusali." Husikika kama mnyenyekevu. Kwa mtazamo wangu, mtu huyo amejikalisha kwenye kiti cha hukumu ambacho si chake, kwa sababu Mungu anasema atasamehe na yeye anajibu haiwezekani. Kukubali kusamehewa ni sehemu ya unyenyekevu, tena kwa wengine ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.

Makanisa yameipa toba sura mbalimbali. Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio: muungamaji hutaja dhambi zake kwa padre, ambaye hana ruhusa kumwambia yeyote alichosikia, kisha hupewa malipizi, yaani sala au tendo la kufidia kosa. Ndani ya Misa hukiri pia mbele ya ndugu zao, wakijipiga kifua: "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana." Walutheri huungama pamoja katika ibada, nao wamerithi hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Martin Luther za mwaka 1517, kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Kwa Wapentekoste mara nyingi mtu huitwa mbele kutubu. Sura hizo zote zinaweza kuwa tupu, na zote zinaweza kujaa.

Tukiwa Afrika Mashariki tuna historia yetu wenyewe katika jambo hili, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa mjini hawaijui. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Rwanda na Uganda, ukaingia Tanganyika upande wa Bukoba. Waliouanza ni pamoja na Simeon Nsibambi, Mganda, na daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church. Walichosisitiza ni kutembea nuruni: kukiri kosa mbele ya wenzako, kupatana, na kurudisha kilichoibwa. Wamisionari nao waliungama mbele ya Waafrika, jambo ambalo wakati wa ukoloni halikuwa dogo.

Kurudisha huko ni kwa Biblia kabisa. Zakayo, mkubwa mmoja wa watoza ushuru, aliahidi kumlipa mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka anayeungama arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na nduguye. Ukiisoma taratibu, amri hiyo inakatiza ibada katikati. Kwa mfanyabiashara mwenye mizani iliyochezewa, toba yake ina kituo dukani kabla ya Jumapili. Ikiwa aliyedhulumiwa amekwisha kufa, wapo warithi wake, wasipopatikana, maskini.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wa maombi wanapaswa kuliangalia sana. Mwanamke aliyepigwa na mumewe huambiwa "nyenyekea, tubu, ndoa itapona", na mume anayepiga haulizwi kitu. Huko ni kumwekea aliyeumizwa mzigo wa aliyeumiza. Mwenye kupiga ndiye mwenye toba ya kufanya, na kwake itamaanisha kuacha, kukubali kusimamiwa, na kutodai arudiwe kesho yake kwa sababu amelia madhabahuni. Vivyo hivyo kwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa aliyekula akiba za wenzake: anaweza kusamehewa na Mungu leo, na bado akaulizwa na wanachama pesa zao ziko wapi, hata mahakamani. Nathani alimwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika maneno hayohayo akamtajia yatakayoipata nyumba yake.