Je, wajua kwa nini wafungwa wengi wanaoachiwa hurudi gerezani, ilhali wengi waliowahi kufungwa hawarudi?

Ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Kwenye majimbo yaliyokuwa na kumbukumbu za wanaorudishwa, asilimia 55 hivi walikuwa wamerudi gerezani ndani ya miaka 5. Wengi wetu tukisoma hivyo tunahitimisha papo hapo kwamba aliyefungwa mara moja ana uwezekano mkubwa wa kufungwa tena. Takwimu ni sahihi. Hitimisho ndilo lenye kasoro.

Kwanza, neno “kurudia” lina sura nyingi. Katika ufuatiliaji huohuo, waliokamatwa tena na polisi walifika asilimia 77 hivi, na kukamatwa si kutiwa hatiani. Wengine walirudishwa ndani kwa kuvunja masharti ya kuachiwa, bila kosa jipya. Ile asilimia 20 ya Norway inayosifiwa kila mahali huhesabu watu waliohukumiwa upya ndani ya miaka 2. Kuilinganisha na 77 ya Marekani ni kulinganisha majibu ya maswali mawili tofauti.

Lakini hata tukikubaliana maana ya neno, linabaki swali la nani hasa amehesabiwa, na hapa ndipo penye uhondo. Nenda hospitali siku yoyote, uwaulize waliokaa kwenye benchi wamekuja mara ngapi mwaka huu. Wengi watakuwa watu wa kuja kila mara, wenye maradhi sugu. Ukitoka pale ukisema wagonjwa wengi hawaponi, utakuwa umewasahau waliokuja mara moja, wakapata dawa na hawakuonekana tena. Si kwamba ni wachache. Ni kwamba siku uliyokwenda wewe haikuwa siku yao.

Orodha ya walioachiwa mwaka fulani ni benchi kama hilo. Chukua mfano wa kubuni wa watu 10. Kati yao 7 wamefungwa mara moja tu maishani, na 3 wamefungwa mara 7 kila mmoja. Lango la gereza litafunguliwa mara 28 kuwatoa: mara 7 kwa wale wa kwanza na 21 kwa wale watatu. Katika mara hizo 28, 18 zilifuatwa na kurudi, yaani asilimia 64. Ukihesabu vichwa badala ya kufunguliwa kwa lango, waliorudi ni 3 kati ya 10. Gereza ni lilelile na watu ni walewale.

Mtafiti William Rhodes na wenzake walilifanyia kazi jambo hili kwa kumbukumbu za magereza ya majimbo ya Marekani za mwaka 2000 hadi 2012. Walipohesabu watu badala ya kuachiwa, walikuta takriban wawili kati ya kila watatu hawakurudi. Matokeo hayo nayo yasomwe kwa tahadhari. Kumbukumbu za jimbo moja hazimwoni aliyehamia jingine na kufungwa huko, na asiyerudi gerezani si lazima awe ameacha uhalifu. Pengine hajakamatwa tu.

Hesabu ya kwanza, ile ya kufunguliwa kwa lango, haifai kutupwa, kwa kuwa mkuu wa gereza anayepanga idadi ya vitanda anaihitaji zaidi kuliko ya pili, ile ya vichwa. Mwajiri anayetaka kujua hatima ya kawaida ya mtu aliyewahi kufungwa anahitaji ya pili.

Kuna kioja kingine ndani ya mfano wetu. Tuseme mahakama inaamua kuwatoza faini wanne kati ya wale saba wa mara moja, badala ya kuwafunga. Wanaotoka gerezani wanapungua hadi mara 24, wanaorudi wanabaki 18, na kiwango kinapanda kutoka asilimia 64 hadi 75. Hakuna aliyezidi kuwa mhalifu, ila gazeti litaandika kwamba magereza yameshindwa kurekebisha watu. Kinyume chake pia ni kweli: nchi inayowafunga kwa muda mfupi madereva waliovunja sheria za barabarani, kama Norway inavyofanya, huongeza kwenye hesabu yake watu ambao kwa kawaida hawarudi. Ni kiasi gani cha ile asilimia 20 kinatokana na hao, na kiasi gani na magereza yenyewe? Asilimia peke yake haiwezi kujibu.